Barua ya wazi: meli zilizofukiwa na mchanga wetu zipewe ofisi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Urithi, Kinshasa;
Kwa Waheshimiwa Magavana wa majimbo ya Tanganyika, Haut-Katanga na Kongo-Central;
Kwa uongozi wa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kongo.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Lubumbashi. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa mjini, na kwetu kwa kuzaliwa ni Kalemie. Ninawaandikia kuhusu jambo lisilo na kelele wala maandamano: vyombo vya majini vya zamani, mashua, majahazi na meli za chuma, vilivyozama au kukwama na kufunikwa na mchanga, iwe pwani ya Ziwa Tanganyika au kwenye kipande chetu kidogo cha bahari kule Muanda na Banana. Siji kuomba pesa za kuvifukua. Ninaomba vibaki palepale vilipo, ila viandikwe, tena nchi iteue ofisi moja inayojulikana, ambayo mvuvi, mchimba mchanga au dereva wa mashine akikuta mbao za kale ataiendea bila kuzungushwa.

Mtu atauliza, Lubumbashi na meli wapi na wapi? Jibu liko kwenye reli yetu. Mnamo Julai 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, treni kutoka kusini iliingia Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa wakati ule, ikiwa imebeba mashua mbili za vita za mbao ya mkangazi, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Waingereza walizipa majina ya Mimi na Toutou. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapakiwa kwenye mabehewa, zikapanda bara zima hadi kwetu. Reli hiyo ya kutoka kusini ilikuwa bado haijafika Bukama. Iliishia Fungurume, palepale ambapo leo malori ya shaba na kobalti hayakatiki mchana wala usiku. Kuanzia hapo mashua ziliburutwa nchi kavu kwa zaidi ya kilomita 200, zikapandishwa milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu wetu, huku madaraja yakijengwa njiani kwa miti iliyokatwa hapohapo. Kisha zikapanda treni ya reli nyingine fupi hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, zikapanda treni nyingine hadi Lukuga, penye mlango wa ziwa. Safari ilichukua miezi. Maofisa walioziongoza wanajulikana kwa majina na vyeo vyao. Wanaume wa Katanga waliovuta kamba zile hawajulikani, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nishike kalamu.

Kilichofuata ziwani kiliacha vyuma chini ya maji. Wajerumani walikuwa wametawala maji yale tangu Agosti 1914, pale meli yao Hedwig von Wissmann ilipoishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji na kuiharibu vibaya. Siku moja baada ya Noeli ya 1915, Mimi na Toutou ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Kingani, nayo ikapewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Julai ya mwaka huohuo Wajerumani wenyewe waliizamisha Graf von Götzen karibu na Kigoma ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Meli ile ilikuwa imeletwa kutoka Ujerumani vipande vipande, ndani ya masanduku 5,000, ikaungwa Kigoma. Grisi ilifanya kazi yake. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria kwa jina la Liemba, jina ambalo kila mtu wa pwani ya ziwa analijua.

Hizo ndizo zenye majina na tarehe. Zisizo na majina ndizo zinazoninyima usingizi, na kwa hizo inabidi nieleze kidogo jinsi ziwa letu lilivyotembea.

Msafiri Mwingereza Cameron alipofika Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa, mwaka 1874 aliukuta mlango wa mto umesongwa na majani na mchanga, maji yakipita kwa shida. Stanley alifika mwaka 1876, na hali ilikuwa bado ile ile. Ziwa lilikuwa limejaa. Miaka michache baadaye kizuizi kikaachia, Lukuga ikakimbilia Lualaba kwa nguvu, na ziwa likashuka kwa takriban mita 10 kabla ya karne ile kwisha. Mita 10 kwenda chini, mahali penye ufukwe wa kulala, ni ardhi kubwa sana iliyoachwa wazi. Nendeni Ujiji, ng'ambo, mkaangalie mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871: pale palipokuwa karibu na maji sasa pako mbali nayo. Kwa upande wetu hali si tofauti. Mtowa, kaskazini ya Kalemie, ndipo misafara kutoka Manyema iliposhukia ili kuvuka kwenda Ujiji, ikiwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo kwa shingo. Vyombo vya wavushaji vilivutwa juu ya mchanga wa Mtowa, vikatengenezwa hapo, na vilivyochakaa viliachwa hapo. Mchanga ule leo ni nchi kavu. Kwa hiyo anayetaka kujua jahazi la miaka ya 1870 lilijengwaje asitazame ziwani peke yake. Atazame chini ya mashamba ya mihogo, chini ya viwanja vinavyopimwa sasa, chini ya mchanga ambao vijana wanaupakia kwenye malori kwa koleo ili watu wajenge.

Nao upande wa pili, maji yanarudi. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani, Kalemie na Uvira. Watu walipoteza nyumba, na hakuna mwalimu wa historia atakayewaambia wahangaikie mbao za kale wakati wao hawana pa kulala. Lakini mawimbi yanapokula ufukwe huwa yanakula pia kilichomo. Kitu kilichokaa salama kwa miaka 100 na zaidi kinaweza kufunuliwa na dhoruba ya usiku mmoja na kumalizika ndani ya msimu.

Niliona kwa macho yangu jinsi kinavyomalizika. Mjomba wangu ni mvuvi wa ndagala na mikebuka. Hana ramani wala simu ya kuonyesha njia, ila anajua kwa kulinganisha mti fulani na bega la mlima kwamba hapa wavu hunasa. Kila mvuvi wa kwetu ana sehemu zake za kunasa, anazikwepa usiku bila kuwasha taa. Siku moja wavu wake ulikokota kipande cha mbao kutoka sehemu moja ya namna hiyo, karibu kabisa na ufukwe. Kilikuwa cheusi, laini kwa kugusa, kizito kuliko umbo lake, na ndani yake mlikuwa na msumari wa pembe nne uliofuliwa kwa nyundo, si wa kiwandani. Upande mmoja mbao ilikuwa imechongwa ili ikae juu ya nyingine, na mkono wa fundi ulionekana wazi, mikato midogo ya tezo iliyofuatana. Tukakiweka kando ya chanja za kuanikia ndagala. Jua la kwanza likakibadilisha rangi. Kisha kikapasuka kwa urefu, kikajikunja, na mikato ile ya tezo ikapotea kwa sababu ngozi ya mbao ilianza kubanduka. Mjomba aliuliza apeleke wapi. Hakukuwa na mtu Kalemie wa kumjibu, na mimi mwalimu sikuwa na jina la ofisi ya kumtajia. Msumari ninao hadi leo. Mbao ilikwisha yote.

Waheshimiwa, kilichotokea pale si bahati mbaya, ni tabia ya mbao yenyewe. Mbao inapofukiwa kwenye mchanga au tope lililolowa, hewa haifiki, na bila hewa kuvu na vidudu vingi vinavyoozesha haviwezi kazi. Maji huchukua nafasi ya sehemu iliyooza taratibu ndani ya nyuzi, kwa hiyo mbao inashikilia umbo lake ingawa nguvu zake zimekwisha. Ikitolewa juani maji yanaondoka na kinachobaki kinaanguka. Waswidi waliinua meli yao ya vita Vasa mwaka 1961, iliyozama Stockholm mwaka 1628. Ili isipasuke walilazimika kuinyunyizia dawa kwa miaka 17, halafu wakaijengea jumba lake, na hadi leo wanailinda dhidi ya unyevu na chumvi za chuma. Nchi tajiri, meli moja, miaka 17 ya bomba. Sisi mchanga wetu unafanya kazi hiyo bure, mchana na usiku, wala haudai mshahara. Ndiyo maana nasema tusifukue.

Wenye elimu hiyo nao walilipa kwa makosa. Meli ya Waholanzi iliyoitwa Amsterdam ilikwama ufukweni karibu na Hastings, Uingereza, Januari 1749, ikazama ndani ya mchanga na tope hadi sehemu kubwa ya kiwiliwili chake ikahifadhika. Maji yakikupwa sana mbavu zake huonekana. Mwaka 1969 wajenzi waliokuwa na mashine za kuchimba pale jirani waliingiza ndoo za mashine ndani yake na kutoa vitu ovyo, vingine vikavunjwa kabla ya wataalamu kufika. Kulikuwa na vyuo, makumbusho na magazeti, lakini siku ile hakukuwa na mtu mwenye amri ya kusema simama.

Sasa niwapeleke mahali ambapo kulikuwa na mtu wa kusema simama, tena ni Afrika, tena ni mgodini. Aprili 2008, Oranjemund, kusini ya Namibia, wachimba almasi walikuwa wameisukuma bahari nyuma kwa ukuta wa mchanga ili wachimbe kwenye sakafu yake. Vipande vya shaba vya umbo la nusu tufe vikaanza kuonekana. Mashine zikasimamishwa na wataalamu wakaitwa. Chini ya mchanga ililala meli ya Ureno, inayoaminika kuwa Bom Jesus iliyoondoka Lisbon mwaka 1533 kwenda India. Ilikuwa na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, pembe za ndovu zaidi ya 100, mizinga, vyombo vya kuongozea safari, na tani nyingi za shaba zilizopigwa mhuri wa mkuki wa meno matatu, alama ya Fugger, ile familia ya matajiri wa Ujerumani.

Sisi watu wa mji wa shaba tuisome habari hiyo kwa makini. Shaba ile haikuwa mzigo wa thamani kuliko wote melini. Dhahabu ndiyo iliyopigiwa picha. Lakini uzito wa shaba ndio uliougandamiza mzigo chini hadi mawimbi yakashindwa kuutawanya, na vitu laini vilivyokuwa chini yake vikabaki. Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha walichokisoma ndani ya pembe zile: zilitoka kwa tembo wa msituni wa Afrika Magharibi, wa koo 17 tofauti za upande wa mama, na kati ya koo hizo ni 4 tu zilizotambuliwa kuwa bado ziko hai. Hakuna kitabu cha mfanyabiashara yeyote wa mwaka 1533 kilichoandika habari hiyo. Iliandikwa ndani ya pembe na kutunzwa na mchanga. Kama mtu angewahi mgodini na lori la vyuma chakavu, shaba ingeyeyushwa, pembe zingeuzwa kwa magendo, na habari ingepotea pamoja nazo.

Hapa Haut-Katanga na Lualaba mashine zinageuza udongo kila saa, na tunajua tangu zamani kwamba ardhi yetu hutunza. Mwaka 1957 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wakakuta vyungu, mapambo na vile vijisalaba vya shaba ambavyo kila mtoto wa hapa anavijua. Tunajua jinsi vijisalaba hivyo vilivyowekwa juu ya wafu na jinsi vilivyobadilika ukubwa kutoka kizazi hadi kizazi kwa sababu tu kila kimoja kiliandikwa kilikolala kabla ya kuinuliwa. Kijisalaba kilichookotwa na kuuzwa sokoni hakisemi chochote ila uzito wake. Meli ni hivyohivyo. Mahali msumari ulipolala ndipo penye habari, wala si msumari wenyewe.

Na kuna habari ambayo hatuna haki ya kuipoteza. Desemba 1794 meli ya Ureno São José Paquete Africa, ikitoka Msumbiji kwenda Brazil, ilipasuka kwenye miamba karibu na Cape Town. Ilikuwa na watumwa zaidi ya 400. Takriban nusu yao walikufa majini, na waliookolewa waliuzwa hapohapo Cape. Wapiga mbizi walioichunguza walikuta, katikati ya mawe na mchanga, vipande vizito vya chuma. Havikuwa bidhaa. Viliwekwa chini ya meli ili isiyumbe, kwa sababu binadamu ni mzigo mwepesi. Mwaka 2015, matokeo yalipotangazwa, udongo kutoka Msumbiji ulipelekwa ukamwagwa juu ya maji yale, ili wale watu wafunikwe na ardhi ya kwao. Mimi huwa naifikiria Mtowa kila ninapofundisha somo hilo. Waliovushwa pale wakielekea Ujiji, Bagamoyo na Zanzibar walikuwa watu wa Manyema, wa kwetu, na dhoruba za Tanganyika hazikuchagua siku. Wapo waliolala ndani ya ziwa lile. Hatuna hata kibao kimoja cha kuwaambia wajukuu wao kwamba walipita hapa.

Kuhusu sheria sitachukua muda wenu, kwa sababu mnaijua kuliko mimi. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali za utamaduni. Mwaka 2010 Kongo iliridhia Mkataba wa UNESCO wa 2001 wa kulinda urithi wa utamaduni ulio chini ya maji. Mkataba huo unakihusu kila chombo kilichokaa majini kwa miaka 100 au zaidi, hata kama sehemu yake tu ndiyo iliyozama, hata kama maji yanakuja na kuondoka. Unasema chaguo la kwanza ni kukiacha mahali kilipo. Unakataza kukifanya bidhaa. Unaitaka kila nchi mwanachama iwe na mamlaka yenye kazi ya kuorodhesha. Tena kifungu cha 28 kinairuhusu nchi, wakati wowote, kutamka kwamba Kanuni za mkataba zitatumika hata kwenye maji ya ndani yasiyo ya bahari. Meli za vita ya ziwa zilitimiza miaka 100 mwaka 2016. Zimeingia ndani ya umri wa kulindwa, na ni sisi tunaotakiwa kuzifungulia mlango.

Kifungu hicho cha 28 ndicho roho ya barua hii. Kongo ina pwani ya bahari ya kilomita 40 hivi tu. Maziwa na mito yetu ni maelfu ya kilomita: Tanganyika, Kivu, Mweru, Edward, Albert, Lualaba, mto Kongo wenyewe wenye stima zake za tangu enzi za mfalme Léopold wa Ubelgiji. Mkataba ukibaki kwa ajili ya bahari peke yake, kwetu utakuwa umelinda kona na kuiacha nyumba. Ninaomba itamkwe kwa maandishi, na isomwe redioni kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba, kwamba maji yote ya ndani ya Kongo yamo.

Kona hiyo ya bahari nayo ina haraka yake. Jiwe la msingi la bandari ya maji marefu ya Banana liliwekwa Januari 2022. Tunaihitaji bandari hiyo. Shaba yetu imechoka kuzunguka Durban na Dar es Salaam. Lakini Banana si ufukwe mtupu. Vyombo vya Ulaya vimetia nanga kwenye mlango wa mto Kongo tangu Mreno Diogo Cão alipofika miaka ya 1480, na biashara ya watu ilifanyika hapo kwa vizazi. Kila mashine inayonyonya mchanga pale inanyonya kutoka kwenye sakafu ya historia hiyo. Kwenye bandari nyingi duniani hupimwa kwanza kwa mawimbi ya sauti na kwa sumaku kabla mchanga haujaguswa, na mkandarasi hupewa amri ya maandishi: ukikuta mbao, mizinga au mifupa, simama, piga simu namba hii. Gharama yake haionekani mbele ya gharama ya bandari. Mheshimiwa Gavana wa Kongo-Central, amri hiyo iwepo, na iwekwe mahali ambapo dereva wa mashine anaiona, si kwenye kabati la mkurugenzi.

Ninarudi Tanganyika, kwa sababu ndiko ninakoweza kusaidia. Hatari kubwa kule si wapiga mbizi wa kutafuta dhahabu. Ni mahitaji ya kila siku. Mchanga unahitajika, na ufukwe uko karibu. Chuma kina bei, na bamba la meli la zamani ni chuma kama kingine kwa mtu mwenye njaa. Vyuma vinavyookotwa mashariki vinaweza kabisa kuishia kwenye tanuru za huku kwetu. Siwalaumu vijana wanaookota. Mtu hawezi kuhifadhi kitu ambacho hajawahi kuambiwa kuwa ni chake. Aambiwe, halafu apewe sababu: mvuvi anayeonyesha mahali aandikwe jina lake kwenye daftari la serikali, alipwe nauli yake na siku yake ya kazi aliyopoteza. Nasema siku ya kazi, sisemi zawadi ya kitu alichokikuta, maana ukilipa kwa kitu utakuwa umefungua soko, na watu watafukua ili walipwe.

Uteuzi wa mtu mmoja wa makumbusho akae Kalemie, na kushughulikia Moba na Uvira pia, hauhitaji jengo. Unahitaji meza, simu, daftari na barua yenye mhuri inayompa haki ya kusimamisha koleo kwa siku kadhaa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina walimu wa historia na wa jiolojia, na Makumbusho ya Taifa ya hapa mjini yana watu waliozoea kuandika kitu mahali kilipo. Wapewe ujumbe wa kazi, waende mwishoni mwa kiangazi wakati upepo wa kusini unapotulia, wakae na wazee wa bandari na wavuvi, waandike sehemu zote za kunasa kwa majina zinayoitwa na wenyeji na kwa vipimo vya satelaiti. Vipimo visitangazwe, vikae kwa mamlaka, maana ramani ya hazina mikononi mwa kila mtu ni mwaliko wa wezi. Tanzania, Burundi na Zambia zinatumia ziwa hilihili, na meli zilizozama hazikujua mpaka. Ile Graf von Götzen iko hai upande wa Kigoma. Kuwaandikia majirani barua tatu ni kazi ya asubuhi moja.

Wazee wanaojua hawatangoji. Mzee aliyeonyeshwa na baba yake mahali pa kunasa, ambaye baba yake naye alikuwa kijana wakati wa vita ile, leo ana umri mkubwa sana. Akiondoka, sehemu ile inabaki kuwa mahali tu ambapo nyavu hupasuka, na hakuna atakayejua sababu.

Likizo kubwa ijayo nitakwenda Kalemie pamoja na wanafunzi kadhaa wa darasa la mwisho ambao wazazi wao wamekubali. Tutakaa na mjomba na wenzake ufukweni, tutaandika wanayotuambia, hatutafukua wala kuinua chochote. Nitafanya nakala mbili za daftari hilo. Moja itabaki shuleni. Ya pili, pamoja na ule msumari, ninaomba mniandikie kabla ya likizo niikabidhi kwa nani, ofisi gani, mji gani.

Kwa heshima kubwa,

Mwalimu wa historia, komini ya Katuba, Lubumbashi